Mbawakawa Aliyelilia Jina

Kuna watu wanaolia kwa kukosa unga, na kulikuwa na Bwana Hadlow wa Kitisuru, aliyelia kwa kukosa mdudu. Habari hiyo Tobias Oloo aliipata kwa Peres, mpishi wa Bwana huyo, walipokutana mjini karibu na soko, mwaka ule wa hamsini na nane.

"Amejaza makabati mbawakawa waliochomwa sindano," Peres alisema. "Ila wote wana majina ya wazungu wengine. Anataka mmoja asiyejulikana na mtu, abebe jina lake mpaka kiyama."

Tobias aliacha kutafuna muwa. Alikuwa mtu wa kuishi kwa mdomo, na mdomo ndio uliokuwa umemponza kwa Peres. "Pata baiskeli, uuze mkate kama jirani yetu Odero," Peres alikuwa amemwambia, "twende kanisani. Mimi siolewi na mdomo."

"Bwana wako si ana baiskeli?"

"Imelala stoo. Lakini Tobias..."

"Nimeuliza tu, mama."

Tobias alikuwa amepanga chumba Waithaka kwa Mama Ndunge, mjane wa Kikamba. Nyuma ya nyumba palikuwa na gogo moja kuukuu lililooza. Ndani yake Tobias alimtoa mbawakawa mnene, mweusi kama tako la sufuria. Alimchora mistari ya manjano kwa rangi iliyobaki ya madirisha, akamtia rangi nyekundu ya kucha kichwani.

"Samahani, ndugu," alimwambia. "Umepandishwa cheo."

Barazani Kitisuru, Bwana Hadlow alimtazama mdudu kwa kioo cha kukuzia.

"Hii dudu natoka wapi? Kama mimi hapana jua pahali yake, hapana faida."

"Mlima Elgon, bwana. Pangoni."

Bwana alieleza kwamba kila kiumbe ana majina mawili, la ukoo na lake mwenyewe, na kwamba mtaalamu wa kwanza kumweleza kwa maandishi ndiye ampaye jina.

"Kama kwetu Ujaluo," Tobias alisema kwa unyenyekevu mkubwa. "Mtoto hulia mpaka litajwe jina analolitaka. Huyu, bwana, nilimkuta analilia Hadlow."

Akaondoka na baiskeli ya stoo. Akauza mkate kweli, jambo lililomshangaza hata yeye, na Peres akaanza kuulizia bei ya kitambaa cheupe.

Kisha Bwana akamwita. Mdudu alikuwa mezani, ameoshwa kwa spiriti, mweusi tena.

"Wewe mwongo. Mimi naweza ita polisi. Rudisha baiskeli, maneno kwisha." Kisha sauti ikalainika. "Lakini sema kweli. Hii dudu natoka wapi?"

Sikio la Tobias likasimama. Aliyetapeliwa huulizia askari, haulizi kwao mdudu ni wapi. Na kwa nini takataka imelazwa juu ya pamba? Lakini ulimi wake, kwa mazoea, ulikuwa umeshatangulia.

"Mlima Elgon, bwana. Rangi ni uongo, mlima ni kweli."

Akarudi Waithaka kwa miguu. Kitambaa cheupe kikabaki dukani.

Miezi ikapita. Jumapili moja Peres aliingia uani akihema.

"Tobias, umejipiga mwenyewe. Wewe ulipaka rangi juu ya kitu kipya kweli! Bwana alimtuma yule mdudu Ulaya, na barua ya wataalamu imerudi. Wamesema rangi ni nguo tu, wao huangalia maungo. Vipembe vyake vya kupapasia vina vifundo tofauti na ndugu zake wote. Sasa anaitwa Hadlow."

Tobias alikaa chini polepole. "Na Bwana yuko wapi?"

"Elgon. Amekwenda na mahema na wapagazi kumtafutia wenzake, maana wataalamu hawaridhiki na mmoja. Ameapa, atakayemletea wa pili atampa baiskeli mpya."

Tobias hakungoja mwisho wa maneno. Alizunguka nyumba mbio, ndoa ikimchekea usoni. Pale palipokuwa na gogo palikuwa na ardhi tupu yenye unyevu.

"Mama Ndunge! Gogo langu liko wapi?"

Mama Ndunge alikuwa jikoni, anakoroga mahindi na maharagwe. Kando ya mafiga palikuwa na jivu jingi, jeupe, laini.

"Lako tangu lini?" aliuliza, akipakua. "Kaa ule, mwanangu, na mchumba wako. Yameiva vizuri leo. Kuni kama zile hutazipata tena Waithaka nzima."