Diski Iliyosahau Amri

Jumatatu, 3 Machi
Kompyuta yangu inalia. Tik. Kimya. Tik. Ni diski: ikikosa kazi kidogo tu inajilaza, kisha inashtuka. Itajichosha ife! Na ndani mna picha zote za harusi ya mdogo wake mke wangu, nilizopiga mwenyewe. Mke anataka nimwite kaka yake, fundi kompyuta. Nani, yule mwenye majigambo? Thubutu! Watu wa Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yangu, wana amri mtandaoni ya kuizuia diski isilale. Nimeiandika. Kimya kabisa. Mimi si wa mchezo.

Jumanne, 4 Machi
Nilifunga kifuniko cha kompyuta nikale. Kufungua: tik! Kompyuta ikilala, ikiamka diski imesahau kila nilichoiambia. Nimeandika amri upya. Nimefunga, nimefungua. Tik. Mke ameuliza kama nimwite kaka yake. Nimejifanya sikusikia.

Jumatano, 5 Machi
Dawa nimeipata: isilale kabisa! Nimebana mwiko kwenye kifuniko kisifunge. Nimeibeba hivyo hivyo hadi studio yangu ya picha, mikono miwili, kama sinia la keki. Njiani muuza viatu kauliza nauza bei gani. Mchana mama mkwe kapita kunisalimu. Kaona vumbi, kafuta, katoa mwiko, kafunga vizuri. Kisha kanilaumu kwa upole kwamba mimi, mwanawe, nasahau vitu. Ungemwambia nini mama mkwe? Nilimshukuru. Tik.

Alhamisi, 6 Machi
Nimesalitiwa! Mke kamwita. Shemeji kaja na mkoba wake, nikamkaribisha kwa meno tu. Kaandika faili dogo: kompyuta ikiamka tu, yenyewe inairudishia diski ile amri. Tukafunga, tukafungua. Kimya. Tena. Kimya.
“Si ungeniambia tangu juzi, shemeji?” kasema. Hata hakucheka.
Tukafungua picha kuhakikisha. Ikatokea ya baba yake shemeji, katupa mkongojo, anacheza na bibi harusi. Shemeji kaisogelea skrini. Kasema hakujua kama kuna mtu aliyeinasa dakika ile. Nikajikuta namwongezea chai bila kuombwa. Wakati wa kuondoka kanisihi nihamishie picha kwenye diski nyingine leo leo. Nikamwahidi.

Ijumaa, 7 Machi
Bado kimya! Mama mkwe kauliza nani kaitengeneza. Nikasema tulisaidiana. Baadaye kidogo nikasema hasa mimi. Sasa ukoo mzima unanipigia simu. Jirani kaleta kompyuta yake, ikiamka haitoi sauti. Nimemwambia kesho jioni iko tayari. Kazi ndogo.
Kuhamisha picha kunaweza kungoja, diski imepona. Halafu nimeona amri nyingine mtandaoni, ya kuifanya iende mbio zaidi. Maelezo yanaonya kwa herufi kubwa: HATARI. Hayo wameandikiwa wasiojua. Naijaribu sasa hivi.