Mfumo Haukosei

Kuanzia siku ile, Idara ya Taarifa za Madini ilitangaza rasmi kwamba madini ya nchi hayatatafutwa tena ardhini, kwenye vumbi na nyoka, bali ndani ya kompyuta, kwenye kiyoyozi. Mwekezaji atafungua Mfumo, ataona alama nyekundu penye mali, atabonyeza, leseni itatoka. Mkurugenzi alitunga mwenyewe kanuni ya kwanza, akaagiza ibandikwe hadi mlangoni mwa choo: Mfumo haukosei. Kanuni ya pili ilisema mtumishi atakayedai umekosea, kazi imemshinda, aondoke.

Kuujaza Mfumo ndiko kulikokuwa na shughuli. Sampuli za mawe zilizookotwa na wajiolojia tangu enzi hizo zilikuwa stoo kwenye masanduku, na lebo zake panya walishazila. Mfumo nao haukubali jiwe lisilo na kwao.

"Mkubwa," karani alisema, "mawe haya hayajulikani yametoka wapi."

"Kuna kitufe kimeandikwa Mahali Nilipo. Bonyeza. Jiwe si lipo ulipo?"

Karani aliwaza, akaona kweli, lipo.

Na kwa kuwa kazi ya nje ya ofisi ina posho, na ya ndani ina mshahara tu, Mkurugenzi aliamuru masanduku yahamishiwe nyumbani kwake, barazani, akapaita kambi ya uwandani. Makarani wakabonyeza huku wakinywa chai ya mkewe, ambaye aliahidiwa kwamba masanduku yataondoka karibuni. Nyumba yenyewe ndiyo kwanza ilikuwa imekauka rangi. Mkurugenzi aliipenda mno, viatu alikuwa akivua getini.

Jiwe moja tu lilitembea. Karani alikuwa nalo mfukoni alipopitia kwa fundi cherehani wa mtaa ule ule kufuata suruali, akalisajili pale pale asije akalisahau.

Wiki haikuisha, Mfumo ukiwa bado kwenye majaribio, fundi cherehani, mama mtu mzima, aliingia ofisini kwa Mkurugenzi bila kubisha hodi, futi ikining'inia shingoni.

"Mwanangu, kuna watu wanatoboa sakafu yangu. Wanasema chini ya cherehani kuna shaba."

"Hongera, mama."

"Hakuna shaba. Kuna sindano zilizodondoka."

"Mfumo haukosei, mama. Kama una pingamizi, liingize kwenye Mfumo. Yanasikilizwa kwa foleni, na msikilizaji ni mimi."

"Si niko mbele yako hapa?"

"Mbele yangu uko. Kwenye Mfumo hujafika."

Fundi alimtazama kiunoni kwa kitambo, kama anayekadiria kitu, akaenda kuingiza pingamizi.

Siku ya uzinduzi Waziri alikata utepe, ramani ikawashwa ukutani. Nchi nzima ilikuwa nyeupe kama shuka la hospitali, isipokuwa nukta moja ndogo mjini, na jirani yake doa jekundu lililoiva kama jipu. Dhahabu, shaba, chumvi, makaa ya mawe, vyote vimejibana kwenye kiwanja kimoja. Mwekezaji alibonyeza. Leseni ilitoka kabla makofi hayajaisha, na aliyepiga makofi hadi mwisho alikuwa Mkurugenzi.

Simu yake ikaita. Mkewe.

"Baba watoto, uko wapi?"

"Niko na Waziri."

"Basi niulizie, hawa wenye mashine wavue viatu au waingie navyo?"

"Wenye mashine gani?"

"Hawa waliong'oa geti. Wana leseni yenye sahihi yako."

Alitoka mbio. Waziri na waandishi wa habari wakamfuata, maana nao walitaka kuiona hiyo mali. Mashine ya kuchoronga miamba ilikuwa imekaa sebuleni, pale palipokuwa na kochi.

"Mheshimiwa, huu Mfumo ni kiboko," msimamizi wa wachimbaji alimwambia Waziri. "Hatujatoboa hata shubiri, dhahabu tumeikuta barazani. Tena imeshapangwa kwenye masanduku."

"Hayo masanduku ni ya..." Mkurugenzi alianza. Akaikumbuka posho.

"Ulitaka kusema Mfumo umekosea?" Waziri aliuliza. Maikrofoni zote zikamgeukia.

"Haukosei, Mheshimiwa."

Mashine ikawashwa.

Mkurugenzi alitoka nje, akafungua Mfumo kwenye simu, akaingiza pingamizi. Jibu lilikuja papo hapo: Limepokelewa. Wewe ni wa pili kwenye foleni. Msikilizaji anaarifiwa. Simu ile ile ikalia tena, kumwarifu msikilizaji.

Wa kwanza alikuwa ng'ambo ya barabara, chini ya turubai, yeye na cherehani yake, maana duka lake sasa lilikuwa shimo.

"Karibu, mwanangu. Kiti kipo."

"Mama, siwezi kufungua langu kabla ya lako. Na nikilikubali lako, nimeandika kwamba Mfumo umekosea. Kazi sina."

"Na usipolikubali?"

Aliyejibu ni ukuta wa sebule, kwa kuanguka.

Fundi aliivua futi shingoni. "Simama basi nikupime. Suruali hiyo itataka kupunguzwa kiuno. Tangu niingie foleni, nguo zangu nimezipunguza mara mbili."

Mkurugenzi akasimama, kidole kikienda na kurudi juu ya kitufe cha kukubali pingamizi la fundi.

"Bonyeza kwanza, utulie," fundi alisema, akimzungushia futi. "Usipotulia nitakosea kipimo. Mimi huwa nakosea."