Transfoma ya Mnada wa Mavuno

Alhamisi, 14 Agosti
Transfoma ya amplifaya ya kanisa imeungua. Mungu ni mwema! Mzee wa kanisa ni Mzee Aminiel, baba yake Ruth ninayetaka kumposa. Nimeidaka kazi kabla fundi mwenzangu Hedwiga hajafungua karakana yake. Mzee kasema spika zikilia vizuri kwenye mnada wa mavuno Jumapili, naweza kuleta washenga. Nimemwamkia shikamoo mara mbili.

Ijumaa, 15 Agosti
Hedwiga kapita, hakuitwa. Eti nikiisuka upya transfoma nitafute waya wa shaba wenye unene uleule wa zamani, nisikwangue vanishi inayoufunika, na kila tabaka nilitenge kwa karatasi maalumu inayohimili joto. Kasoma chuo, basi sote wanafunzi wake. Nimfuate, halafu sifa zimwendee yeye?
Waya ninao, wa feni iliyokufa. Mwembamba kidogo. Karatasi ya nini? Majani makavu ya mgomba yapo. Hapa Akheri tunafungia tumbaku, siagi, mbegu. Umeme ni nani hata usifungike?

Jumamosi, 16 Agosti
Amplifaya imepiga wimbo mzima wa kwaya. Hedwiga katuma ujumbe: niiache iwake saa nzima, nipime kama umeme unavuja kwenye kasha. Wivu huo. Nimepiga pasi shati.

Jumapili, 17 Agosti
Mkungu wa kwanza umeuzwa vizuri. Kwenye jogoo wa pili, harufu. Mama mmoja akauliza nani kavundika ndizi kanisani. Kisha moshi. Mzee Aminiel akanyoosha mkono apunguze sauti, akagusa kasha. Akatoa haleluya isiyokuwa kwenye ratiba, akaketi katikati ya kuku.
Hedwiga alizima swichi ya ukutani kwanza, ndipo akamwinua. Mzee ni mzima. Niliogopa kweli. Mnada umemalizika kwa kupayuka.

Jumatatu, 18 Agosti
Nimekwenda kuomba radhi. Mzee kasema hana kinyongo, ila washenga wasije mpaka nijifunze kwa Hedwiga mwaka mzima, na huyo Hedwiga ndiye atakayesema kama nimeiva. Ruth kasema atanisubiri, ila nisimtengenezee kitu chochote.
Hedwiga kanipokea vizuri mno, inaudhi. Kasema mwezi huu wa kwanza nitazame tu, nisiguse.
Nimetafakari kosa langu kwa unyenyekevu. Nimeliona. Yale yalikuwa majani ya ndizi mbivu. Ya mshare, mgomba wa ndizi za kupika, ni mazito zaidi. Kesho Hedwiga anakwenda mjini, na chaja ya mchungaji iko mezani kwake, imefunguliwa.