Siku Niliyosasisha BIOS ya Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Na jambo jingine kuhusu shemeji, ambalo jana sikulimaliza kwa sababu mke wangu alisinzia begani kwangu na mkono wa kalamu ukafa ganzi, ni kwamba anapuliza vumbi kwa mdomo. Fundi mzima wa kompyuta. Anapuliza kama mtu anayewasha jiko la mkaa.

Siku ya arobaini na moja ya ndoa. Bado nikimwona Laazizi akivaa hereni nasahau nilikuwa nasema nini. Yeye huchora ramani za majengo, kwenye kompyuta aliyokuja nayo siku tuliyohamia hapa. Sasa anachora zahanati ya daktari mmoja mwanamke. Ni kazi yake ya kwanza bila bosi kichwani. Ramani ifike mezani kwa daktari Ijumaa saa sita mchana. Ikichelewa, kazi inakwenda kwa ofisi nyingine.

Leo kaka yake alikuja kuikagua mashine. Akaifungua ubavu, akapuliza, akasema iko salama ila BIOS yake ni ya zamani. Nikamuuliza BIOS ndiyo nini. Ni programu ndogo iliyomo kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, akasema, ndiyo inayoiamsha kompyuta kabla ya kitu kingine chochote, na isiguswe mpaka dada amalize kazi yake. Nikasema kuisasisha hata mimi naweza. Akaniambia, shem, haya tuachie sisi, wewe kauze rangi. Laazizi akacheka. Alicheka vizuri, meno yote nje, na hapo ndipo paliponiuma.

Nitaisasisha mwenyewe, kimyakimya. Sifa ya ufundi itahama kwa kaka ije kwa mume.

Jumanne, 4 Machi

Dukani wateja wachache. Nimelipata faili la BIOS kwenye tovuti ya watengenezaji, nikalitia kwenye flashi. Nimehakikisha jina linafanana na lililoandikwa kwenye mazabodi, maana asubuhi nilichungulia kwa tochi Laazizi akiwa anaoga. Shemeji asingefanya hivyo. Angepuliza.

Maelekezo yana hatua kumi na moja. Yameandikwa kwa ajili ya watu wasiofikiri. Hatua ya tisa inasema uhakikishe umeme hautakatika katikati ya kazi. Mtaani kwetu umeme haujakatika miezi miwili. Nikairuka.

Mama mmoja aliomba rangi ya krimu nikamfungia ya kijani. Akarudi ananiuliza, baba, macho unayo? Nikamwomba radhi, nikamweleza kuwa nimeoa majuzi. Akasema pole.

Jumatano, 5 Machi

Laazizi aliondoka saa tatu kwenda kupima kiwanja cha zahanati. Dukani nilituma ujumbe kwamba tumbo linanisumbua. Nikachomeka flashi, nikafuata hatua. Mstari wa bluu ukaanza kutembea kwenye skrini, na chini yake onyo: usizime kompyuta. Kazi rahisi kuliko kukoroga rangi. Kwa hili shemeji anaitwa mtaalamu?

Dakika kumi na tano za kungoja. Mume mwingine angekaa tu. Mimi nikaliona gauni lake la zambarau, atakalovaa akienda kwa daktari, limekunjamana kitini. Nikawaza akirudi akute kompyuta mpya na gauni limenyooka, kwa siku moja, kutoka kwa mwanamume mmoja. Machozi yakanilengalenga.

Soketi ya ukutani ilikuwa na redio, inapiga nyimbo za mapenzi, nami sikutaka kuikatiza. Pasi nikaichomeka kwenye waya wa kuongezea, uleule unaoilisha kompyuta.

Mstari ulikuwa umefika asilimia sitini na mbili.

Swichi kuu ikaanguka. Nyumba kimya. Nikaipandisha. Redio ikarudi, pasi ikarudi. Kompyuta ikazungusha feni yake na skrini ikabaki nyeusi tii. Nimeiwasha mara kumi na nne. Aliyefunga nyaya za nyumba hii ni mhuni.

Sikuwa na namna. Niliifunika kompyuta kwa kitambaa cha meza, nikaweka chombo cha maua juu. Laazizi aliporudi nikamwambia mapenzi yametangaza mapumziko, hakuna kuchora leo. Akanikumbatia, akasema hajawahi kuona mwanamume kama mimi. Kisha akaomba dakika tano tu, aingize vipimo. Nikamkatalia kwa busu. Akaniangalia, akaiangalia pasi, akakaa.

Alhamisi, 6 Machi

Ameondoa maua mwenyewe asubuhi. Akabonyeza. Nikasema itakuwa umeme. Hakupiga kelele, ningependa apige. Alisema tu kwamba bado vyumba viwili na paa, na kwamba ile picha ya rangi ya mbele ya zahanati, aliyoipenda kuliko vyote, haitawezekana tena. Akachukua penseli na karatasi akaanza kuchora paa kwa mkono. Hata hivyo, alivyouma mdomo kwa kuwaza, alipendeza.

Kwa shemeji siendi, nikaapa. Nikabeba mashine begani hadi kwa fundi redio wa karibu na stendi, anayeitwa Miwani. Miwani akasikiliza, akatikisa kichwa. BIOS imeandikwa nusu, akasema, kwa hiyo kompyuta haijui hata pa kuanzia. Kazi za mke wako ziko salama kwenye diski, ila mlango hauna ufunguo. Inabidi kuichomoa chipu moja, ndogo kama ukucha, iandikwe upya kwa kifaa maalumu. Nikamwambia haya, andika. Hana kifaa. Nikamuuliza nani anacho. Mji mzima anacho mtu mmoja, akasema, tena kijana mpole, anapenda kupuliza vumbi.

Shemeji hakunicheka. Dharau ya namna hiyo sijaiona. Aliniuliza mstari ulikuwa umefika wapi, nikamwambia. Akauliza ni kitu gani kingine kilikuwa kimechomekwa. Pasi, nikasema. Akaweka bisibisi mezani polepole, akaomba udhuru, akatoka. Nilimsikia nyuma ya ukuta akicheka mpaka akakohoa.

Akarudi na uso mkavu. Akaichomoa chipu kwa kibanio, akaibana kwenye kidude chake, na kabla chai yangu haijapoa skrini ikawaka. Akasema, shem, dada sitamwambia kitu, mwenyewe tafuta maneno. Anajifanya muungwana ili nimwonee haya. Namjua.

Ijumaa, 7 Machi

Laazizi ameshinda kwenye kompyuta tangu alfajiri. Ametoka saa tano na nusu na gauni lililokunjamana, bila ile picha. Amepiga simu saa sita kasoro dakika tano: imefika.

Jioni nilianza kutafuta maneno. Akanikatiza. Alisema alijua tangu Jumatano, alipoiona pasi kwenye waya ule, maana wiki ya kwanza ya ndoa aliniambia nisichomeke pasi pamoja na kitu kingine chochote hapo. Mume wangu, akasema, siku nyingine ukitaka kunipigia gauni pasi, nipigie gauni pasi tu. Kisha akaweka kichwa begani kwangu, akanuna akiwa hapo hapo. Anathamini upigaji pasi wangu. Nimeandika ili nisisahau.

Jumapili, 9 Machi

Kazi ameipata! Daktari amempigia mwenyewe. Amesema ofisi ile nyingine ilileta picha za rangi za kumeremeta, na milango isiyopitisha machela. Ya Laazizi ilikuwa michoro mitupu, kila mlango umepimwa, akaelewa jengo lake kwa mara ya kwanza. Laazizi amelia, nami nikalia.

Hesabu iko wazi. Bila mimi angepoteza siku nzima kupaka rangi picha. Nilimweleza hivyo na kaka yake akiwepo. Shemeji akasema, haya bwana. Maneno yamemwishia.

Mchana shangazi yake alipiga simu kutoa pongezi. Ana duka la vifaa vya shule mji wa pili, akalalamika kuwa kompyuta ya duka inachelewa kuamka. Laazizi alinyoosha mkono kuichukua simu, lakini nilikwishajibu. Nimemweleza shangazi hiyo ni BIOS tu, mimi ndiye ninayezishughulikia katika familia, asimwite mtu mwingine. Shemeji anasema akisikia siku ya safari naye atakuja, na kidude chake. Wivu. Nimemwahidi shangazi kwamba kabla mwezi huu haujaisha tutafika, mimi na Laazizi wangu, na flashi mfukoni.