Mtego Niliousahau Ndara

Leo nimeumbuka. Nawaambia mwenyewe, jamaa zangu wa Mbololo, kabla habari hazijawafikia zikiwa zimetiwa chumvi. (Mimi nasema, karani wa kambi anaandika. Tayari anacheka.)

Mnajua niko hapa Voi kwenye mafunzo ya uaskari wa wanyama, haya ya vijana tusio na shule wala kazi. Siku ya kuandikwa niliulizwa kama nimewahi kutega. Nikaapa sijatega hata kanga. Ningesema nini? Mama alikuwa ameshawatangazia watu kanisani kwamba mwanawe atavaa kaki.

Leo tulijaribiwa: kutafuta mitego ya waya porini Ndara na kuing'oa. Atakayefanya vizuri apewe sare, wengine warudi makwao. Wenzangu walizunguka wakaambulia miiba. Mimi, kabla jua halijapanda, nilikuwa nimeng'oa mitano. Koplo Musyoka, anayetufunza, akaniambia nitangulie wengine waone macho yanavyofanya kazi. Kichwa kikavimba. Nikatembea mbele, mikono nyuma, nikiwaeleza wenzangu jinsi ya kutazama chini. (Mimi mwenyewe nilikuwa natazama juu.)

Mara waya ukanibana mguu. Nikaanguka kifudifudi, pua kwenye mavi ya punda milia.

Koplo akaja na koleo, lakini hakukata. Alichuchumaa akatazama uzi wa mkonge uliofungwa kwenye waya: mafundo matatu na kitanzi. Mnajua kwetu kila mtegaji ana fundo lake, tusije tukagombania nyama. Kisha akatazama kibuyu changu cha maji kiunoni. Mafundo matatu na kitanzi.

"Kibuyu hiki kilifungwa na nani?"

"Na mimi, afande."

"Na mitego yako yote unajua iko wapi?"

Nikaona kaki ya mama inaota mabawa. Niliona aibu, nikachoka na uongo wangu.

"Yote, afande. Ila huu niliusahau."

Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Koplo alijaribu kununa, akashindwa. Akasema sare nitapewa siku mtego wangu wa mwisho utakapong'olewa, na kwamba mtu anayejua mafundo ya watu ni afadhali awe upande wa askari.

Basi nawaomba msicheke sana. Jumatatu tunakuja Mbololo, naongoza mimi, na mafundo yenu nayajua yote.