Mstari Unaweza Kuhama

Mvua ndiyo iliyomwingiza Injinia kwenye ukumbi wa baraza la jiji, wala si uzalendo. Alikuwa na shati moja la maana, na shati la namna hiyo halinyeshewi ovyo. Akapanda ngazi, akamwitikia mlinzi kwa kichwa kama mtu aliyechelewa kikao, akaketi kwenye viti vya wananchi. Mwananchi mwingine aliyekuwepo alikuwa amelala, gazeti usoni.

Uinjinia hakuusomea popote. Jina alipewa kijiweni, kwa kuwa mdomo wake uliweza kujenga daraja mahali pasipo na mto, kisha ukakutoza ushuru wa kuvuka.

Kule chini madiwani walikuwa wanajadili kupanua barabara ya Mtaa wa Maduka. Katikati ya ukumbi palikuwa na ndoo, paa linaidondoshea maji, na kila mheshimiwa aliyetaka kwenda mbele kuchangia ilimbidi aizunguke. Diwani mmoja mnene akauliza ni majengo yapi hasa yatakayobomolewa. Afisa ardhi akajibu kwamba ni yale yenye alama ya X nyekundu. Diwani akataka kujua nani anazichora hizo alama. Afisa ardhi akamtazama mhandisi wa barabara, mhandisi akamtazama karani, karani akaitazama ndoo.

"Idara husika," akasema mwenyekiti wa baraza, na ukumbi mzima ukapumua. Ikaamuliwa madiwani waende kuzikagua alama kwa macho yao, ndipo baraza likate shauri.

Injinia alikuwa ameacha kupiga miayo. Kitu kinachoogopwa na kila mtu, na hakina mwenyewe. Bahati kama hiyo hupita mbele ya watu wengi, ila wengi huwa wamelala, gazeti usoni.

Mtaa wa Maduka ulikuwa nyuma tu ya kwake, ng'ambo ya mtaro. Tapeli mwenye akili hufanya kazi mbali na anakolala, lakini Injinia alikuwa mvivu wa kutembea. Isitoshe walikuwa wamehamia pale juzijuzi, mkewe aliporithi nyumba ya shangazi yake, kwa hiyo hakuna aliyemjua. Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo, yenye mlango wa buluu, lakini ilikuwa ya mkewe kuanzia msingi hadi bati. Na mkewe alishamweleza bila kuzunguka: umetuhamisha nyumba za kupanga mpaka watoto hawajui kwao ni wapi. Hii ukiiponza, nyumba itabaki, utatoka wewe.

Rangi nyekundu aliinunua kwa Mwenye Vifaa, tajiri wa duka la ujenzi, mtu mwenye mkono wa birika, asiyetazama sura ya mteja bali noti zake, aliyeuza misumari iliyopinda kwa bei ya iliyonyooka. Injinia akaomba apunguziwe, akakataliwa. Kesho yake asubuhi Mwenye Vifaa akakuta X ukutani kwa duka lake, imechorwa kwa rangi aliyoiuza mwenyewe.

Haikupita muda akatokea mtu wa kofia ngumu na kizibao cha kung'aa, anapima ukuta huku akitikisa kichwa kama daktari aliyekwisha kata tamaa. Mwenye Vifaa akamkaribisha ndani na kumnunulia soda, jambo ambalo wafanyakazi wake walisimama kulitazama. Injinia akamweleza kwa huzuni kwamba yeye ni mtekelezaji tu, maamuzi yako juu, juu sana. Kisha akashusha sauti.

"Ila mzee wangu, mstari unaweza kuhama."

"Uhamie wapi?"

"Barabara ni kitu laini. Ukiikunja kidogo hapa, inapita pale kwa jirani."

Jirani huyo alikuwa Mwenye Mikate, kaka wa mke wa Mwenye Vifaa, shemeji aliyekula naye sahani moja kila mwisho wa wiki. Mwenye Vifaa alitafakari kwa muda wa kumeza funda moja la soda, la mgeni.

"Ikunje," akasema, akafungua droo.

Kuanzia hapo kazi ilijiendesha yenyewe. Na iandikwe, maana ni lazima haki itendeke: katika mtaa ule mzima hakuna hata mtu mmoja aliyeomba alama ifutwe. Waliomba ihame. Mwenye Mikate akaihamishia kwa Fundi Cherehani, aliyemshonea suti ya harusi bila malipo. Fundi Cherehani akaihamishia kwa Mwenye Bucha. Mwenye Bucha alisikitika sana, akaapa kwamba yeye na Mama Saluni wa mlango wa pili ni kama ndugu wa tumbo moja, kisha akauliza kama haiwezekani kazi hiyo ifanyike mapema, kabla mama wa watu hajafungua. Kila mmoja aliaswa asitoe siri ya serikali, na kila mmoja akaenda kumpa pole jirani yake. X ikatembea ukuta kwa ukuta kama mgeni anayesalimia mtaa. Mapato yakalala chini ya gunia la mkaa jikoni kwa Injinia, gunia ambalo, kwa hesabu zake, mke hawezi kuliinua.

Alikuwa anamalizia mguu wa mwisho wa X kwenye ukuta wa saluni aliposikia sauti nyuma yake.

"Shemeji, kofia imekupendeza."

Brashi ikamwangukia kiatuni. Mama Saluni alikuwa amesimama mikono kiunoni, kitana kimechomekwa kwenye nywele. Mtu akikuita shemeji, ama ameolewa kwenu, ama anamjua mkeo. Injinia hakujua kwamba mkewe amekwisha kusukwa pale, tena si mara moja, na mwanamke anayesukwa ana asubuhi nzima ya kusimulia habari za mumewe.

Akajikaza. Akaanza na maamuzi yaliyoko juu, akateremka hadi kwenye ulaini wa barabara. Mama Saluni akamsikiliza mpaka mwisho huku akiifuta X kwa kitambaa na mafuta ya taa, rangi ikiwa bado mbichi.

"Sawa, ikunje," akasema. "Pa kuikunjia nitakuonyesha mimi."

Akamtangulia nyuma ya saluni, wakavuka ubao wa mtaroni, akasimama mbele ya nyumba yenye mlango wa buluu.

"Dada yangu, hapa ni..."

"Najua ni kwa nani. Chora. Au nimwite Mwenye Bucha, aje na kisu chake, umfundishe habari za ulaini?"

Mkewe alikuwa sokoni. Injinia akachora kijialama kidogo karibu na dirisha la jikoni. Mama Saluni akamwambia hiyo ni ya mtoto wa chekechea, achore ya mtu mzima. Akachora ya mtu mzima. Moyoni alijifariji kwamba mwanamke huyu akigeuka tu, naye anafuta.

Hakuwahi. Kutoka ng'ambo ya mtaro ikasikika minong'ono ya watu waliochoka: madiwani kwenye ukaguzi. Walikuwa wameutembea mtaa wote wakitafuta alama, viatu vimejaa tope, na alama hawajaiona hata moja. Diwani mnene alipoona wekundu ule ng'ambo alifurahi kama aliyeona choo safarini. Wakavuka ubao mmoja mmoja. Picha zikapigwa. Diwani akauliza kwa nini barabara ya maduka ipite jikoni kwa watu, tena nyuma ya mtaro. Afisa ardhi akamtazama mhandisi. Safari hii ndoo haikuwepo.

"Hapo ni mzunguko wa magari," akasema mhandisi.

Vichwa vyote vikakubali. Wakampongeza Injinia kwa kuchapa kazi juani, wakaondoka. Sasa alama ilikuwa kwenye kumbukumbu za baraza, na kuifuta isingesaidia kitu.

Kikao kilikuwa kesho yake, na mvua ilinyesha tena. Injinia akawahi viti vya wananchi, lakini hakuwa peke yake. Mtaa wa Maduka wote ulikuwa umejaa pale, Mwenye Vifaa mbele kabisa, wamekuja kuhakikisha barabara inapita kwa mtu mwingine. Hoja ikasomwa: nyumba ya mlango wa buluu ibomolewe, na fedha za barabara zianze kutumika. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye pingamizi.

Injinia akaiona nyumba ikianguka, kisha akajiona yeye barabarani na begi lake. Akasimama.

"Mheshimiwa, ile alama si halali."

"Umejuaje?"

Bila kofia alikuwa mtu tu kama wengine, lakini sauti ilikuwa ileile. Mbele yake shingo ya Mwenye Bucha ikaanza kugeuka, polepole, kama lango zito. Akakohoa, akasema alikuwa anauliza tu, akaketi na kujifunika gazeti la jirani.

Mikono ya madiwani ilikuwa imeanza kupanda pale dari ilipochoka. Kipande kizima kilishuka na maji yake, si ndooni, bali mezani kwa mwenyekiti, kikamlowesha kuanzia upara hadi soksi. Hakuumia. Alisimama akichuruzika, akatoa hoja kwamba fedha za barabara zitengeneze paa. Sijawahi kusikia baraza lililokubaliana haraka namna ile. Hata waliosinzia walinyoosha mikono. Barabara ikaahirishwa mpaka hali itakaporuhusu.

Injinia alikimbia nyumbani kwenye mvua, shati la maana limemgandama mwilini, anacheka peke yake. Nyumba imepona, na mapato ni yake. Kilichobaki ni kufuta X kabla mkewe hajazunguka upande wa jikoni.

Ukuta ulikuwa mweupe. Chokaa ilikuwa mbichi.

Akaingia taratibu. Mkewe alikuwa anapuliza moto, kichwa kimesukwa upya, kinang'aa mafuta.

"Pole na mvua, baba watoto. Alikuja mtu wa baraza."

"Mtu gani?"

"Wa kofia ngumu. Ana adabu zake. Akaniambia, mama, nyumba yako inabomolewa, ila mstari unaweza kuhama."

Injinia akatazama pembeni. Gunia la mkaa lilikuwa limehama pia.

"Ukampa nini?"

"Mimi nina nini? Nilikuwa nalia tu hapa. Nikainua gunia nipate mkaa, nikakuta Mungu ameshatenda. Zikatosha kabisa." Akaonja mboga, akaongeza chumvi. "Halafu nilisahau. Mama Saluni amepata mbia. Kesho naanza kazi."

"Mbia kwa hela gani?"

Mkewe akamgeukia. Chini ya kucha zake kulikuwa na chokaa.

"Uliza vizuri, nikujibu vizuri."

Injinia akafungua kinywa. Ili aseme hakuna mtu wa kofia ngumu aliyekuja, ilimpasa aseme mtu wa kofia ngumu ni nani. Kile kinywa kilichojenga madaraja kikajifunga.

"Na huo mstari," akauliza kwa sauti ndogo, "umehamia wapi?"

"Mvua inapungua. Vaa kizibao chako ukatuchotee maji."

Kizibao kilikuwa kinaning'inia kwenye msumari wake nyuma ya mlango. Akakitoa, akakigeuza. Mgongoni palikuwa na X nyekundu, kubwa, iliyonyooka kuliko zote alizowahi kuchora.

"Hapo," akasema mkewe. "Na hauhami tena."