Tairi Kubwa za Kaengesa

Jumatatu, 4 Juni 1979

Lori jipya linakuja! Ndugu Clemens, meneja wetu wa chama cha usafirishaji, ametangaza asubuhi mbele ya ofisi, sote tumejikunyata kwa upepo. Litatoka Dar es Salaam mwisho wa mwezi. Litakabidhiwa kwa dereva anayetumia dizeli vizuri kuliko wenzake, maana dizeli ni ya shida. Kila jioni meneja atasoma mita za malori yetu kwa macho yake, atagawanya kilomita kwa lita, na jibu ataliandika ubaoni kwa chaki. Kila mtu aone.

Lori hilo ni langu. Bedfodi hii ninayoendesha imenimaliza mgongo.

Tatizo ni dereva mwenzangu Halfani. Leyland yake ni ndefu. Tukikutana pale mtaani kwetu Majengo hunitazama kutoka juu, kiwiko nje ya dirisha, ananiita mdogo wangu. Mimi Huseni, niliyemtangulia kuzaliwa! Hata vumbi halishiki shati lake. Jioni mke wangu Sada kasema Halfani ana adabu, husimamisha lori wanawake wenye kuni wapite. Sikuwa nimemuuliza habari za Halfani. Nilikuwa nimeuliza chumvi.

Jumatano, 6 Juni

Nimepata dawa! Nilipita Kaengesa kwa Fundi Kasimiri. Nyuma ya gereji yake kuna lori bovu juu ya mawe, na tairi zake zimeegemezwa ukutani. Kubwa! Zinanifika kifuani. Nikapiga hesabu. Tairi kubwa ikizunguka mara moja inakula ardhi nyingi, injini inachoka kidogo, dizeli inabaki. Na juu ya hayo, nitakaa juu kuliko Halfani. Sijui lipi limenifurahisha zaidi. Najua. Hilo la pili.

Kasimiri ni mtu wa kubembelezwa. Nimembembeleza mpaka ulimi ukakauka. Kachukua tairi zangu za zamani, mfuko wa sukari ambao Sada aliuficha kwa ajili ya wageni, na mbuzi wa Sada. Wakati anafunga nati ya mwisho kasema spidomita nayo itahitaji kurekebishwa. Nimemjibu kwamba spidomita ni ya madereva wasiojua mwendo wao wenyewe.

Sada nimemwambia mbuzi kapotea.

Jumamosi, 9 Juni

Raha! Leo nimesimama dirisha kwa dirisha na Halfani, na langu liko juu. Vidole vinne! Nimemwita mdogo wangu, taratibu, kila silabi. Akacheka, akasifia tairi. Mtu wa ovyo sana. Hata kuudhika hajui.

Kasoro ndogo ndogo. Nikikata kona tairi zinasugua madigadi, kwa hiyo nimeyakata kwa msumeno. Makuli wa Laela, ninakochukua mahindi, wamegoma kupakia, wakisema bodi imepanda mno na wao si nyani. Nimepanga magunia ya mahindi yawe ngazi.

Jioni, ubao. Halfani wa kwanza. Mimi wa mwisho! Nyuma hata ya Mzee Tadei, ambaye husimama njiani kukagua kila kuku anayeuzwa! Nimechungulia mita. Kwa mujibu wake, Laela imesogea karibu na kwetu Sumbawanga. Sikuelewa. Nimelala na hasira.

Jumanne, 12 Juni

Wa mwisho tena. Ndugu Clemens kaniuliza kwa sauti ya upole dizeli yangu inakwenda wapi. Ile sauti ya upole ilisikika mpaka ng'ambo ya barabara.

Sasa Majengo nzima wananiona mwizi wa mafuta. Jirani yetu Zita kaja na chupa tupu, kaomba dizeli kidogo ya kuwashia kuni mbichi, akanikonyeza. Halfani naye kaja. Kasema anajua mimi si mwizi, na kama kuna hitilafu yuko tayari tukague lori pamoja. Nilimshukuru kwa meno. Nani kamwita?

Sada kalia. Kaniuliza kama ni kweli nauza mafuta ya chama. Nikamwambia ni spidomita tu, inasoma pungufu. Akauliza kama spidomita ndiyo iliyomla mbuzi wake pia.

Alhamisi, 14 Juni

Kaengesa. Kasimiri kafurahi kuniona, maana alijua nitarudi. Kachora alama ya chaki kwenye tairi, akalisukuma lori mpaka tairi ikazunguka mara moja, akapima ardhi. Akafanya hivyo hivyo na tairi yangu ya zamani. Kisha hotuba. Tairi kubwa inazunguka mara chache kwa safari ile ile, mita inahesabu mizunguko, kwa hiyo inanipunja kilomita. Mwendo nao inauonyesha mdogo kuliko ulivyo. Dawa yake ni kigia cha meno pale waya wa spidomita unapoingia kwenye giaboksi. Meno yakipungua, waya unazunguka haraka zaidi, mita inasoma zaidi. Kapekua kopo, katoa kigia cha meno kumi na tisa. Kasema hicho kitasema ukweli.

Ukweli! Ukweli utanirudisha nilipokuwa, nyuma ya Halfani.

Nikaona koponi kigia cha meno kumi na mawili. Kizuri, kidogo, kinang'aa. Kasimiri kasema hicho ni cha gari jingine kabisa, na kwangu kitakuwa muongo. Nikamwambia tukifunge. Kakataa. Nikavua koti langu. Kakifunga.

Nimerudi mjini nikitetemeka kwa baridi, lakini kwa furaha.

Jumatatu, 18 Juni

WA KWANZA! Siku ya tatu mfululizo! Halfani wa pili, mbali kabisa. Laela sasa imekimbilia upande wa Zambia, na mimi naifikia kwa mafuta ya kujaza kibatari. Nimesimama mbele ya ubao hadi chaki ikaanza kufutika kwa upepo.

Halfani kanipa mkono. Mkono mkavu, wa moto. Alikuwa na koti.

Ndugu Clemens kanipigapiga bega. Kasema Jumatano atapanda nami hadi Laela ajifunze ninavyoendesha, apate kuwafundisha wengine. Nikasema karibu sana ndugu meneja. Sada kapika wali. Kasema lori jipya likija nimpeleke kwao, wote waone. Nimeahidi. Nampenda akiwa hivyo.

Jumatano, 20 Juni

Siku mbaya. Mbaya!

Tulianza vizuri. Barabara tambarare, mwendo wangu wa kawaida. Ndugu Clemens akatupa jicho kwenye spidomita. Mshale uko tisini. Akashika dashibodi kwa mikono miwili. Akaniuliza kama nimechoka kuishi. Nitasemaje? Nikisema mshale unadanganya, kilomita nazo zinadanganya. Nikaomba radhi. Akafanya ishara ya msalaba, akaamuru nisivuke thelathini mpaka tufike.

Nikashika thelathini. Thelathini ya mshale ule ni mwendo wa ng'ombe mwenye kwato mbovu. Tunatambaa. Tunatambaa. Kwenye mteremko nikasikia kengele nyuma. Mwanamke kwenye baiskeli, kafunga kuku wawili nyuma, kanga inapepea. Katupita. Katupungia!

Ndugu Clemens akatazama mshale. Akamtazama mwanamke anavyotokomea. Akatazama mshale tena. Nikajaribu kusema kwamba siku hizi kuna baiskeli zenye mwendo mkali.

Laela akashuka, akasoma mita, akauliza kwa upole ule ule ni wapi kwingine ninakopeleka lori la chama, kwa sababu kilomita hizi zingetufikisha Tunduma.

Alhamisi, 21 Juni

Nilijitetea ofisini. Nikasema yupo mtu kachezea spidomita yangu kwa wivu. Wakauliza nani. Nikasema Halfani.

Basi madereva wote wakaitwa. Ndugu Clemens kaipeleka Leyland barabarani mwenyewe, kaipima kwa mawe ya kilomita. Sawasawa, jiwe kwa jiwe. Kisha Bedfodi yangu ikachunguliwa chini, kigia kikatolewa, kikawekwa juu ya meza ya meneja. Kilikuwa bado kinang'aa.

Nilikuwa nafukuzwa. Barua ilikuwa kwenye taipu. Ndipo Halfani akasimama. Kasema tairi kubwa ndizo zilizoanza kunionea, nikababaika, na nyumbani kwangu kuna watu wanaokula. Kasema hana kinyongo. Meneja akalainika. Nitahamishiwa trekta, kijiji cha ujamaa, huko huko Kaengesa.

Nimechukia kuokolewa na Halfani kuliko ambavyo ningechukia kufukuzwa. Sada kampelekea ahsante. Na maandazi!

Jumamosi, 30 Juni

Lori limefika. Jekundu. Kiti kina mto. Nilikwenda kulitazama kwa mbali, nyuma ya kibanda cha mkaa. Halfani kapewa ufunguo, watoto wakapiga makofi, Sada naye akapiga. Nimeumia. Sitaki kusema zaidi, ila nimeumia. Kiti hicho kilikuwa changu.

Jumanne, 10 Julai

Kijijini. Baridi, ulezi, na trekta lisilo na spidomita kabisa. Nimetulia. Nimemaliza mambo yale.

Dereva wa trekta la pili anaitwa Leonardi. Mpole. Watu wote wanampenda, sijui kwa nini. Mwenyekiti wa kijiji kasema atakayekuwa na saa nyingi za kazi mwisho wa msimu atapelekwa Mbeya kwenye mafunzo. Leonardi yuko mbele. Anatabasamu tu, kama Halfani.

Trekta lina mita ya saa. Nimeikagua. Inaendeshwa na waya unaotoka kwenye injini. Waya ukizunguka, saa zinahesabiwa. Na mashine ya kusaga ya kijiji inazunguka kuanzia asubuhi hadi jua linazama, bure, haina mita yoyote. Waya wa trekta unafika kwenye mashine. Nimepima.

Bisibisi nimeazima kwa Leonardi.